Nisishikwe Mkono

Jumatatu, 4 Agosti
Kama kawaida: kuku, chai, goti. Goti nimelikanda kwa maji moto. Bakari amepiga simu tena. Mwanangu huyu! Ataka nihamie kwake Ukunda, ati Kwale ni vilima na mimi siwezi tena. Nimekasirika. Nimemwambia Jumamosi napanda kilima cha nyuma ya nyumba mpaka juu. Nikifika, asinitajie Ukunda. Nikishindwa, nahama. Amekubali kwa sharti moja: nisishikwe mkono.

Jumanne, 5 Agosti
Nimejaribu. Nimefika jiwe jeupe tu, nusu ya njia. Kilima chenyewe si kikali. Kimeviringana, majani matupu, mti hakuna. Kila ukidhani ndio juu, kumbe kuna juu nyingine. Nimelia kidogo. Hasira.

Alhamisi, 7 Agosti
Bakari ametuma gari, kitanda changu kimechukuliwa kwenda kwake. Kabla ya Jumamosi! Dharau gani hii? Nitalala mkekani. Mejumaa, jirani yangu, asema nighairi. Sighairi ng'o. Nimetoa leso mpya sandukuni, ya kujifunga Jumamosi. Jina lake lililoandikwa: MDHARAU MWIBA MGUU HUOTA TENDE.

Jumamosi, 9 Agosti
Nimefika! Alhamdulillahi.
Tulianza asubuhi, ukungu bado. Bakari nyuma yangu, akiisoma leso mgongoni mwangu. Nikafika penye jiwe jeupe. Sikukaa. Bismillahi, hatua. Bismillahi, hatua. Karibu na juu nikasikia mtu ahema. Si mimi. Ni yeye, tumbo mbele, viatu vya mjini, ateleza kwenye umande. Nikampa mkono, nikamvuta.
Juu ni upepo tu, na bahari kule mbali. Alipopata pumzi akaanza ujanja.
"Mama, sharti limevunjika. Mkono umeshikwa."
"Nimekushika mimi. Sijashikwa."
Alicheka mpaka akakaa chini. Mimi nimesimama. Miaka sitini na minne, nimesimama! Najivunia, wala sioni haya kuandika.

Jumapili, 10 Agosti
Kitanda kimerudi. Goti limevimba, sijamwambia mtu. Bakari amepiga simu. Shikamoo, kisha habari ya goti. Nimesema zima kabisa. Yeye miguu yamuuma, haikanyagi chini, maskini. Nimemwambia ajipake mafuta ya nazi.
Nimekata simu, nikapaka goti langu.