Nyangeta Kwenye Mtihani wa Kusikia

Mpendwa Baba Nyangeta,

Mtoto wetu anapoteza masikio. Nilitafuta namna ya kukuambia polepole, nianze na salamu za mama yako kutoka Majita, nikueleze mvua zilivyokuwa, nikaona hapana. Wewe hukupenda kuzungushwa. Sikio la kushoto limekufa kabisa. La kulia linaondoka, na hakuna mtu anayeweza kuniambia litaondoka lini.

Nakuandikia wazi, mbele za watu, kwa sababu kulia chumbani kumenishinda. Labda yuko mzazi mwingine atakayesoma na kunielewa. Lakini ninayesema naye ni wewe.

Unakumbuka ilivyoanza? Tulikwenda Nyegezi kwenye harusi ya binamu yako, wewe ukiwa na kwaya, umesimama nyuma kule kwenye besi. Bibi harusi alipokuwa anaingia, akasimama mama mmoja wa Kihaya mwenye nywele fupi zilizoanza kuwa nyeupe, akapiga vayolini. Nyangeta alikuwa na miaka sita. Alishuka mapajani kwangu, akapita katikati ya wageni, akaenda kusimama chini ya kiwiko cha yule mama, mdomo wazi, mpaka wimbo ukaisha. Ndivyo tulivyomfahamu Mwalimu Koku.

Tukirudi nyumbani Igoma ukaniambia, "Mama Nyangeta, huyu mtoto ameitwa."

"Ameitwa na nani?" nikakujibu. "Huyu ana njaa, hajala tangu asubuhi."

Ulicheka sana. Lakini Jumamosi iliyofuata ulifunga karakana yako ya kuchomelea mapema, ukaoga, ukavaa shati la kanisani, ukamshika mtoto mkono mpaka mlangoni kwa Mwalimu Koku.

Mwanzoni ilikuwa kelele tupu. Jirani yetu Mama Shija akaja uani akaniuliza, "Jirani, mnachinja nini humo ndani kila jioni?" Mimi niliona aibu. Wewe ukatoka ukamjibu, "Tunachinja skeli, mama. Tuvumilie, ni ngumu kufa." Mama Shija hakujua skeli ni nini, na mimi pia sikujua. Ukanieleza baadaye kwamba ni ngazi ya sauti, mtoto anaipanda na kuishuka kila siku mpaka vidole vijue njia vyenyewe.

Wewe ndiye uliyekuwa unakaa naye. Ulitoka kazini macho mekundu kwa moto wa kuchomelea, hata maji hujanywa, ukakaa kwenye kigoda pembeni yake. "Tena, mama," ulimwambia. Ulimwita mama kwa sababu amebeba jina la mama yako. Akikosea na kutaka kuanza upya, ulimzuia. "Rudi pale ulipojikwaa. Mtu akijikwaa njiani harudi nyumbani kwanza." Mimi nilikuwa jikoni, nafurahi kwamba mna kazi yenu ninyi wawili na mimi nina yangu.

Mtihani wa gredi ya kwanza ya muziki ndio ulionichekesha. Mtahini alitoka nje ya nchi, mzee mpole, amekaa kwenye darasa la shule moja ya binafsi na karatasi zake. Mtoto aliingia ametulia kama anakwenda dukani. Wewe ulibaki kwenye ukumbi wa nje umekumbatia boksi la vayolini, jasho linakutiririka, mpaka Mwalimu Koku akakuuliza, "Baba Nyangeta, mtihani ni wako au ni wa mtoto?" Ukasema, "Mwalimu, leo ni wangu." Alipofaulu, ulibandika cheti ukutani kwenye karakana, wateja wakaja kutengenezewa mageti wakalazimika kukisoma kwanza.

Ikaja ya pili, ya tatu. Ya nne hukuiona. Kiharusi kilikuchukua pale pale karakanani, saa ya mchana. Siku tuliyokuzika watu walimwomba Nyangeta apige, akakataa, akasema vidole vyake vina ganzi. Vayolini ikakaa chini ya kitanda muda mrefu. Sikumlazimisha. Kisha jioni moja nikasikia skeli chumbani. Akapanda, akajikwaa katikati, akanyamaza. Nikamsikia anajisemesha mwenyewe kwa sauti nzito ya kuigiza, "Tena, mama." Niliegemea ukuta pale jikoni mpaka sufuria ikaungua.

Nakukumbusha haya ili ujue alikotoka. Sasa nikuambie alipo.

Mwaka huu, mvua zilipokuwa zinaisha, alishikwa na homa. Tuliihangaikia kwanza kama malaria, kisha wakasema ni homa ya uti wa mgongo. Alilazwa, hanijui, anaita majina ya watu wa shuleni kwake. Mungu akamrudisha. Tulitoa shukrani kanisani, Baba Nyangeta, kumbe tulishukuru kabla hatujaonyeshwa kilichochukuliwa.

Siku ya kwanza aliyoishika vayolini tena, aliipiga kidogo akaishusha. "Mama, nani ameiharibu? Inalia kwa mbali."

Hakuna aliyeigusa. Unajua inavyokaa, begani kushoto, chini kabisa ya sikio la kushoto. Ilikuwa inalia pale pale sikioni, naye anaisikia kama iko kwa jirani.

Daktari wa masikio alimpima kwenye kachumba kadogo. Nyangeta ana miaka kumi na mitatu, si mtoto wa kudanganywa. Alikuwa anamwangalia yule daktari mdomoni. Daktari akasema mishipa ya kusikia imeumia. Amempa kifaa cha kuvaa sikio la kulia. Kinamsaidia kuelewa watu wakizungumza karibu, lakini muziki anasema unaingia kama bati linaburutwa. Tumeandikiwa kwenda Dar. Kuna upasuaji, wanaweka kifaa ndani kabisa, tunasubiri kuitwa. Nikauliza, "Na muziki je?" Daktari akavua miwani. "Mama, kusikia watu wakizungumza, tuna matumaini. Muziki kama alivyokuwa anausikia, siwezi kukuahidi."

Mtihani wa gredi ya tano ulikuwa umekaribia. Nilikwenda kwa Mwalimu Koku nikamwambia amtoe. Akaniambia zipo taratibu, mtahini anaweza kuambiwa mapema, mtoto akapewa nafasi inayomfaa. Nikamwambia sitaki mwanangu akapimwe kitu anachoibiwa. Nyangeta alikuwa amekaa pale, akatukatiza.

"Mnanisema mimi."

"Tunakuhurumia, mwanangu," nikamwambia, nikimtazama ili aone midomo.

"Mama, sasa hivi bado nasikia kidogo. Mwakani nitafanya na nini?"

Ndipo tukaanza mazoezi, mimi na yeye.

Unaikumbuka sauti yangu. Ulikuwa unanitania kwamba kwaya nzima ikipanda, mimi nashuka. Basi mimi ndiye niliyekaa kwenye nafasi yako. Mwalimu Koku alinifundisha kusikiliza. Nilikuwa nafunga duka la vitenge kule Mabatini nakwenda kwake kukaa mbele ya piano yake kama mwanafunzi wa chekechea, ananipigia sauti mbili, ananiuliza ipi iko juu. Nilikosa sana. Nyumbani tukapatana na Nyangeta: sauti ikiwa chini ya inavyotakiwa, nainua kidole, ikizidi, nakishusha. Mwanzoni nilikuwa nampoteza zaidi. Akinitazama, nami sina uhakika, kidole kinapanda na kushuka hewani, anakasirika, anaweka upinde chini, anatoka uani.

Kisha jioni moja niliinua kidole akasimama. "Mama, una uhakika?"

"Nina uhakika."

Na kweli nilikuwa nao. Nilisikia, Baba Nyangeta. Nilisikia ile sauti imelegea kama mtu anayemsikia mwanawe analia kati ya watoto wengi. Nilipaswa kufurahi. Lakini nilijiona kama ninapokea kitu kinachomdondoka yeye, na sikukitaka. Mungu angeniuliza ningesema kirudishwe kwake, mimi nibaki na ujinga wangu.

Siku ya mtihani nilikaa kwenye ukumbi ule ule. Mwalimu Koku aliingia naye kumpigia piano. Mlango ukafungwa. Nyimbo mbili za kwanza zilikwenda vizuri, nilikuwa nafuata kila mahali, najua hapa anavuta pumzi, hapa mkono wa kushoto unapanda. Katika wimbo wa tatu uzi mmoja ukalegea. Ilikuwa joto lile la mchana au ni kishikio kimeteleza, sijui. Mimi nilisikia. Mwalimu Koku alisikia, maana alianza kugonga piano kwa nguvu ile ile sauti sahihi, ampe mwanangu pa kushika. Nyangeta hakusikia. Akaendelea, na kila alipougusa ule uzi, ulikwenda kombo.

Nilisimama. Nikainua kidole mbele ya mlango uliofungwa. Wazazi wengine walinitazama, mmoja akanisogezea kiti, akadhani nimeshikwa na kizunguzungu. Nilibaki hivyo, kidole juu, mlango unanitazama.

Ghafla vayolini ikanyamaza. Nadhani alimwona Mwalimu Koku usoni. Nikasikia anakaza uzi, anapapasa, anagusa, anakaza. Kisha akaanza tena, si mwanzo wa wimbo, bali pale pale alipokuwa ameharibikiwa. Uzi haukuwa sawasawa, lakini ulikuwa umekaribia. Akamaliza.

Kisha Mwalimu Koku akatoka, maana sehemu ya mwisho mtahini hubaki na mtoto peke yake. Hiyo ndiyo sehemu ya kusikia. Mtahini anapiga kipande kifupi kwenye piano, mtoto anakiimba kama alivyokisikia. Tulikaa mimi na mwalimu tumeshikana mikono. Piano ikapigwa. Kimya. Ikapigwa tena, taratibu, kwa nguvu zaidi. Alikuwa mtu mwema yule. Kisha nikasikia sauti ya mwanangu. Aliimba wimbo mwingine kabisa. Ulikuwa mzuri, umetulia, hauna uhusiano wowote na kile kilichopigwa. Mwalimu Koku akafunika uso kwa kanga yake.

Alipotoka akanijia moja kwa moja. "Mama, niliimba sawa?"

Tulikuwa tumekubaliana kwamba mimi ni sikio lake na sitamdanganya. Nikamwambia, "Hapana, mwanangu. Hukuimba sawa."

Akatikisa kichwa kukubali. "Nilijua. Mzee alinitabasamia sana."

Majibu yalipokuja, amefaulu. Nyimbo zake zilimbeba. Ile sehemu ya kusikia alipata kidogo sana. Mchungaji alitangaza kanisani, akamsimamisha mbele. Watu walipiga vigelegele, kina mama wakainuka kwenye viti, Mama Shija akiwa wa kwanza, kwaya yako ikaitikia. Nyangeta akatazama mikono ya watu, akatazama midomo, akanigeukia.

"Mama, wanasemaje?"

Tangu siku hiyo nimekuwa na hasira na wewe. Nisamehe, lakini acha niseme. Kwa nini ulimpa kitu hiki kisha ukaondoka? Mtoto mwingine angepoteza masikio tu. Huyu anapoteza masikio na nyumba nzima aliyoijenga humo ndani, na mimi nimesimama nje naangalia paa linaezuliwa. Wapo ndugu zako wanaoniambia niiuze vayolini, nimwondolee mtoto mateso. Nikikaribia kukubali, namwona ameshaishika, anaikaza. Amemwambia Mwalimu Koku anataka kuanza gredi ya sita. Mwalimu alipotutembelea akamwambia, "Siku utakazokuja, nitakufundisha." Akaondoka akimwacha mtoto anacheka, mimi nikamfuata mpaka getini nikamuuliza, "Mwalimu, tunafanya nini?" Akasema, "Mama Nyangeta, sijui. Sijawahi kufika hapa."

Hata yeye hajui. Na Dar bado hawajaita. Naomba kila siku, lakini maombi yangu yamefupika, yamebaki neno moja tu, na hata hilo nalisema nikiwa nimechoka.

Jana tulikuwa tunachambua dagaa mimi na yeye, hatuzungumzi. Akaniangalia akaniuliza, kwa ile sauti yake ambayo sasa imekuwa ya juu kuliko anavyojua:

"Mama, siku nikiwa sisikii kabisa, ukiniita utafanyaje?"

"Sitakuita," nikamwambia. "Nitakuja."

Akafikiri kidogo, akarudi kwenye dagaa wake.

Naishia hapa, mume wangu. Saa ya kutoka shule inakaribia, na inabidi nimpokee pale kwenye barabara ya Musoma, maana hasikii tena pikipiki zikija. Pumzika huko uliko. Kama kuna unachoweza kutuombea, ombea sikio la kulia.

Nakwenda kumchukua.

Mkeo,
Mama Nyangeta