Mlango Usiofunguka Bila Salamu

Kwako Mama Salama wa gazeti letu,

Nisome mpaka mwisho kabla hujanigombeza, maana tangu Jumanne sili wala silali, na jirani ameshaniuliza mara mbili kama nina malaria. Mimi ni mama wa watoto watatu, nafundisha shule ya msingi hapa Kindu, na mume wangu Soudi anatengeneza simu na kompyuta karibu na soko. Ni mtu mwema, hanywi, hanipigi, ugonjwa wake ni mmoja tu, mchezo wa zamani wa kompyuta, ule wa kupiga risasi ambamo mwenyewe hujioni, unaona mikono yako na bunduki tu mbele ya macho. Aliucheza ujanani, na sasa yeye na wenzake wa Kisangani na Bukavu, watu ambao hawajaonana hata siku moja, wanautengeneza upya kwa mapenzi tu, bure, kila mmoja anajenga sehemu yake na kuwatumia wengine. Mimi nilikuwa nacheka, nasema afadhali mchezo kuliko mwanamke.

Jumanne nikampelekea chakula cha mchana, nikamkuta na mdogo wangu Hamadi wameinamia kompyuta, nikachungulia, na Mama Salama, nilichokiona ni nyumba ya baba yangu. Sisemi inafanana nayo, ni yenyewe, baraza la saruji lililopasuka, pipa la maji, mlango wa mbao nyekundu uleule ambao mama yangu anaufungua kila asubuhi hadi leo, na mbele ya mlango mikono ya mwanamume imeshika bunduki. Anayecheza ni Hamadi. Anaupiga mlango risasi, hauvunjiki, anapiga tena, hauvunjiki, na Soudi anacheka, anamwambia, "Hapana, shemeji, hautavunjika huo. Piga hodi kwanza, toa salamu. Bila salamu hauingie ndani." Hamadi akabonyeza, sauti ikasema asalam aleikum, mlango ukafunguka, na aliyefungua ni msichana wa miaka kumi na mitatu amejifunga kitenge cha kijani.

Ni mimi huyo. Sahani ilinitoka mikononi, sombe yote chini, nikabaki nimesimama kwenye majani ya mihogo na mafuta na viatu vyangu vya kazi.

Mwaka 2002, vita imekaza, mama alikuwa amevuka mto kwenda shambani Alunguli, tukabaki nyumbani baba, mimi, na Hamadi mwenye miaka mitano amelala. Siku zile kila mtu Kindu alijua mlango haufunguliwi, lakini baada ya alasiri mtu akapiga hodi, akatoa salamu vizuri, kwa utulivu, sauti ya jirani kabisa, na kwetu sisi salamu haiachwi mlangoni bila jibu, baba akaitikia kutoka uani alipokuwa anatawadha, nami nikafungua. Walikuwa wanne, wana silaha. Baba hakumaliza kutawadha.

Mama aliporudi nikamwambia walivunja mlango. Nilikuwa mtoto, nilisema neno la kwanza lililokuja, na neno hilo limekaa miaka yote hii, ndilo ninalosimulia kwenye hitma ya baba kila mwaka, ndilo Hamadi alilokua nalo. Ukweli nilimwambia mtu mmoja tu, Soudi, na miezi hii alikuwa ananiuliza, pipa lilikuwa upande gani, kitenge kilikuwa cha rangi gani, nami nikaona napendwa, nikajiambia leo nimepata mtu wa kunisikiliza.

Hamadi alinigeukia palepale. "Dada, uliniambiaka walivunja mulango." Soudi anasema, "Mie nilitaka watu wajue vita ilikuwa namna gani. Wengine wanatengeneza ya kwao, hii ya kwetu itatengenezwa na nani? Na jina lako sikuliandika." Hamadi akatoka hajaniaga, jioni akanitumia ujumbe, Ijumaa ya wiki ijayo kwenye hitma atamuuliza mama mbele ya watu wote.

Kompyuta nimeichomoa, nimeificha ndani ya mfuko wa unga wa mihogo. Nimwache Soudi? Niichome? Nimpigie Hamadi magoti anyamaze? Mama ana miaka sabini na ana presha, akijua ni mimi niliyewafungulia atakufa, au atanichukia, na sijui kipi kinanitisha zaidi.

Usiandike jina langu. Andika Mama wa Watatu, Kindu.

*

Mama wa Watatu,

Kwanza kabisa toa kompyuta kwenye unga! Utaharibu vyote viwili, na watoto hawana kosa.

Barua yako nilianza kuisoma nimesimama, nikamaliza nimekaa. Pole. Pole sana, mwanangu. Mimi nasoma barua za watu kila wiki, nilidhani nimekwisha kusikia yote. Mwanamke anapeleka sombe kwa mumewe, anajikuta mwenyewe kwenye kioo cha kompyuta, mtoto, mbele ya bunduki, na bunduki ameishika mdogo wake!

Soudi, najua unasoma hapa, kwa hiyo nakuambia wewe mwenyewe. Nia yako siitukani. Vita yetu kweli haina watu wa kutosha wanaoisimulia. Lakini mkeo alikupa jambo ambalo hakumpa hata mama yake mzazi, na wewe ukaligeuza kuwa kitufe cha kubonyeza. Jina hukuandika, sawa, ila nyumba uliijenga tofali kwa tofali, halafu ukamketisha shemeji yako aliyelelewa humo, ukacheka. Ulikuwa na akili zako siku hiyo? Nyumba hiyo itoe leo. Wapigie wenzako wa Kisangani na Bukavu mmoja mmoja, waifute na kwao. Ukitaka kujenga Kindu ya vita, jenga, lakini kila nyumba uende kwa wenyewe kwanza, ukae, uombe, na ukinyimwa uondoke. Na mkeo umwombe msamaha bila kuongeza neno "lakini".

Akikataa hayo, Mama wa Watatu, niandikie tena, tutazungumza habari ya kumwacha. Akikubali, mwanamume asiyekunywa na asiyekupiga hatupwi kwa kosa lake kubwa la kwanza. Kasirika naye kadiri unavyotaka. Mwezi mzima, ukipenda. Apike mwenyewe.

Sasa wewe, maana na wewe umeniudhi. Soma tena barua yako mwenyewe. Nani aliitikia ile salamu? Umeandika kwa mkono wako kwamba ni baba, kutoka uani, ukapita haraka haraka kana kwamba si kitu. Mwenye nyumba ameitikia, wageni wamesikia, na mtoto wa miaka kumi na mitatu afanye nini, amwambie baba yake rudisha salamu? Ulifungua mlango ambao baba yako alikuwa ameshaufungua kwa mdomo. Waliotumia jina la amani kuingia nyumbani kwa mtu ndio wenye dhambi hiyo, wewe huna haki ya kuwabebea.

Hamadi usimpigie magoti. Kukaa kimya ndiko kulikokufikisha hapa. Alhamisi ukitoka shule nenda kwake, umwambie yote, na ile salamu ya baba pia, maana kwenye mchezo wa mumeo haimo na Hamadi hajaisikia. Ana hasira kwa sababu ameambiwa na mashine habari ambayo alipaswa kuipata kwa dada yake. Mkimaliza, mshikane mkono, mwende kwa mama siku hiyohiyo, ninyi wawili tu, kabla ya Ijumaa na kabla ya watu.

Unaogopa mama atajua. Mwanangu, siku ile alirudi kutoka Alunguli akakuta mlango mzima, bawaba nzima, komeo zima, na umeandika mwenyewe ni uleule hadi leo. Amekuwa akiufungua na kuufunga kwa zaidi ya miaka ishirini. Na kila hitma anakaa pembeni yako, anakusikia ukisema ulivunjwa, na anakuacha uendelee. Nenda ukamwambie. Amechoka kukusubiri.

Mama Salama