Ngano ya Jonah arap Kosgei na Masikio ya Jerop

Mwaka mzima umepita, Jonah, tangu wenzako wakuokote katikati ya mistari ya ngano, uso chini, kibanio chako cha kufungulia maua kingali mkononi. Agosti imerudi. Ngano inachanua tena huku upande wa Molo, na sisi wa nyumba yako tuna maneno na wewe. Watu wakiyasikia, na wayasikie.

Tuanze na mazuri, maana yapo. Hukuwahi kumpiga mtu, na pombe hukuigusa. Wafanyakazi wa shamba la majaribio walikupenda kwa sababu ulimfundisha kila aliyetaka kujua: namna ya kufungua ua la ngano asubuhi, kutoa vile vifuko vitatu vya vumbi la manjano bila kuumiza kitu, kulifunika suke kwa karatasi, na kungoja siku tatu kabla ya kulipaka vumbi la ngano nyingine. Mkeo Cheptanui anasema hajapata kumwona mtu mwenye subira kama yako, na hasemi hivyo kwa kukusifu.

Karatasi zilipokuishia ulichana madaftari ya Jerop. Binti yako alirudi kutoka shule akakuta hesabu zake zimevishwa masuke, mstari mzima, nawe ukimwonyesha kwa fahari. Alicheka siku hiyo. Alikuwa na miaka minane, na kwake hapakuwa na mtu mkubwa kuliko wewe kutoka hapa hadi Nakuru.

Na ngano mpya uliyoitafuta uliipata, hatukatai. Ugonjwa wa kutu uliokuwa ukimaliza mashamba hadi kule Keringet ulifika kwenye ngano yako ukashindwa. Leo kuna watu wanakula mkate ambao bila wewe wasingeuona. Wamekuja kutuambia hivyo mara nyingi, kana kwamba sisi hatuli mkate.

Sasa tuseme Agosti ya mwaka wa hamsini na tatu. Jerop alikuwa ametoka kwenye surua, masikio yakaanza kutoa usaha, homa ikapanda. Lori la shamba liliondoka kwa neno lako tu. Dereva hakumsikiliza mtu mwingine. Mkeo alikuwa na Kimaiyo, mtoto wa siku tisa, na kwa desturi ya kwenu mwanamke aliyejifungua hatoki nje hadi siku ya kuoshwa mikono ifike. Mama yako alikaa mlangoni kuhakikisha. Kwa hiyo mkeo alisema nawe akiwa ndani, nawe umesimama uani na udongo miguuni.

"Jonah, huyu mtoto anachomeka. Ambia dereva ampeleke Nakuru."

"Nimefungua masuke mia mbili, mama Jerop. Nikiondoka sasa yote imeharibika. Ngoja siku tatu tu."

"Siku tatu ni mingi."

"Ngano haiwezi kungoja. Mtoto ataweza."

Aliweza. Siku ya nne daktari wa Nakuru alipiga makofi nyuma ya kichwa chake, na Jerop hakugeuka. Daktari akauliza kwa nini hakuletwa mapema, na wewe ukatazama kofia yako.

Mkeo naye anajua kwamba alikuwa na miguu. Mlango ulikuwa hatua nne kutoka kitandani, na mama mkwe alikuwa mzee. Alikaa kwa ajili ya desturi kama wewe ulivyokaa kwa ajili ya ngano. Hilo analibeba mwenyewe na hahitaji mtu wa kumkumbusha. Lakini tangu siku ile hajasema na Jerop bila kumgeuzia uso ili mtoto asome midomo. Wewe uliendelea kumwita ukiwa umeinama mezani ukikunja karatasi zako, kisha unakasirika kwamba haitiki. Miaka minne, Jonah. Kugeuza shingo tu, na hata hilo lilikushinda.

Juma lililopita alikuja Bwana Khisa, karani wa shamba, na tangazo la gazeti lililopigwa taipu. Akatusomea kwa sauti ya kanisani: "Tunamkumbuka Jonah arap Kosgei, mtaalamu wa ngano na baba mwema."

"Hiyo ya mwisho, toa," mkeo akasema.

"Lakini mama, ndivyo watu huandika. Ukitoa, watauliza."

"Wakuje waulize mimi."

Khisa hakutaka ugomvi, basi ikabidi aitwe ndugu yako Cheruiyot kutoka Keringet aje aamue. Unamjua Cheruiyot. Tangu arudi vitani Burma hakuna jambo asilolipitisha kwenye maneno ya yule mfungwa wake wa Kijapani, mtawa wa dini yao ya Kibudha iitwayo Zen, ambaye Cheruiyot alimlinda miezi minne wakizungumza kwa vijineno vya Kiingereza walivyookota wote wawili. Alimwaga sukari kwenye chai, akaanza.

"Nilimuuliza yule mtu kitu kama hii. Sajenti wetu aliacha mtoto mgonjwa nyumbani, akapata medali. Nikamwambia, pima: medali na mtoto, gani nzito? Akasema weka mizani chini kwanza. Hakuna mizani. Iko mtu, na iko kitu mbele yake saa hiyo. Kama ni kufagia, fagia. Kama ni mtoto, mtoto. Yeye anauliza moja tu: ulikuwa hapo, ama hukuwa?"

"Alikuwa kwa ngano," mkeo akasema.

"Hapana, shemeji. Jonah aliniambia yeye mwenyewe. Zile siku tatu alikata maua vibaya, akili iko kwa mtoto. Hakuna hata suke moja ya wiki hiyo ilizaa kitu. Ile ngano ya maana ilitoka mwaka uliofuata. Na akirudi nyumbani, anakaa na mtoto akifikiria ngano. Hakuwa huku, hakuwa kule."

Mkeo hakulijua hilo. Miaka mitano alikuchukia akiamini kwamba masikio ya mwanawe angalau yaliingia kwenye mkate wa watu. Kumbe hata hapo hayakuingia. Tulidhani atalia. Hakulia.

"Huyo Mjapani wako alikuwa na watoto?" akauliza.

"Hapana. Hakuoa."

"Basi kunywa chai yako."

Kisha akamwita Jerop kwa kumgusa bega. Ana miaka kumi na mitatu sasa, mrefu kama wewe. Akamgeuzia uso, akamwambia polepole, "Karatasi ni ya baba yako. Masikio ni yako. Futa unachotaka."

Jerop alichukua kalamu ya Khisa, akasoma tangazo mara mbili. Akafuta neno "mwema", kwa mistari mingi, hadi karatasi ikakaribia kutoboka. Mkeo aliitikia kwa kichwa kwa kuridhika, akangoja aendelee. Kalamu ikakaa juu ya "baba". Ilikaa pale mpaka Khisa akakohoa. Halafu Jerop akaiweka mezani.

"Hili nitaacha," alisema, kwa ile sauti yake ambayo sasa hawezi kujua ni kubwa au ndogo. "Nilikuwa na mmoja tu."

Mkeo alitaka neno hilo nalo lifutwe. Lakini akatoka nje.

Kwa hiyo limetoka gazetini alivyotaka binti yako, na haya mengine tumeyasema sisi. Wanaokukumbuka ni mkeo Cheptanui, binti yako Jerop, mwanao Kimaiyo na ndugu yako Cheruiyot wa Keringet. Mama yako hakuulizwa.

Kukusamehe, bado. Kukusahau, Jonah, tumejaribu, na haiwezekani.