Tone Lililobaki Kwenye Chupa

Machi 3

Mume wangu, ua la moyo wangu,

Hujambo huko shuleni kwako? Mwili wangu mzima, moyo ndio unatoa moshi. Mkuu wa maabara ameniita mharibifu mbele ya wafungashaji wote wa siki. Kila siku napima mililita 25 za siki iliyozimuliwa mara kumi, naidondoshea besi ya molari 0.1 mpaka igeuke waridi. Natumia besi mililita 20.8, yaani siki yetu ina ukolezi wa 0.83, imezidi 0.8 inayotakiwa, na kwa hesabu yangu kiwanda kikaiongeza maji. Sasa wateja wanairudisha, wanasema nyepesi. Yeye anapata 20.0 kamili. Nikamwambia, "Mume wangu ni mwalimu wa kemia, ndiye aliyenifundisha. Wewe nani alikufundisha, mpishi?" Ameamuru tarehe 14 nipime mbele yake, nikikosea nirudishe koti la maabara niende zangu. Mwandikie kwamba hajui kitu, mpenzi.

Mkeo

Machi 6

Mke wangu wa wiki saba,

Mimi mzima, hofu ni kwako. Simwandikii. Ile chupa ya koni unayopimia siki, unaisuuza kwa kitu gani kabla ya kumimina? Kama ni kwa siki, kosa ni langu. Nilikwambia kila chombo kisuuzwe kwa kimiminika chake. Hiyo ni kwa bureti ya kudondoshea besi na pipeti ya kuvutia siki. Chupa ni maji tu. Siki ikibaki ukutani, hata mililita moja, unapima 26 ukidhani ni 25, na besi inafika 20.8. Nilijua hayo. Siku ile ya kukufundisha nilikuwa nakutazama wewe, si chupa. Mwombe radhi.

Mumeo

Machi 15

Mwalimu,

Mzima, usiulize zaidi. Jana nilisuuza kwa maji: 20.0, mara tatu. Mkuu akasema, "Msalimie mwalimu." Wafungashaji walicheka mpaka vizibo vikawadondoka. Nikamwomba radhi kwa kinywa kilekile kilichosema alifundishwa na mpishi. Koti ninalo, uso sina. Wiki nane nakusifu kwa kiwanda kizima, kumbe nilikuwa najichimbia shimo. Mapenzi gani ya kunitazama macho ukaniachia aibu?

Hasira nimeimwaga, nimejisuuza. Imebaki ile ya ukutani, kama mililita moja. Wewe mwenyewe umesema inahesabiwa. Jumamosi ijayo uje uimalize, na vyombo vya wiki nzima utaviosha wewe. Kwa maji.

Mkeo, bado