Nilitia Saini Vali Ambayo Sikuikagua

Mpendwa mshauri, nisaidie maana sina wa kumwambia. Mimi ni mhandisi wa miaka ishirini na minne, huu ni mwaka wangu wa kwanza katika kituo kimoja cha umeme wa nyuklia huku Ontario, na mwezi uliopita kinu kilikuwa kimezimwa kwa matengenezo nasi tumechelewa siku nne, ndipo msimamizi wangu Hewson akaniletea fomu ya ukaguzi wa vali ya mvuke akasema, "Saini hapo, dogo, hiyo vali naijua kabla hujazaliwa," nikamwambia sijaiona, akawageukia wenzangu, "Jamani, mhandisi wetu anaogopa kalamu!" wakacheka wote, na mimi kwa aibu nikasaini. Siku ya pili mvuke wa majaribio ulipopitishwa vali ikaachia, ukamkuta Wendell, fundi wa mabomba, ndiye aliyenifundisha kuvaa nguo za kinga na alikuwa akinigawia kahawa yake kila asubuhi, akaungua uso, kifua na mikono, na sasa amelazwa, hasemi. Wachunguzi wananiita Jumatatu na Hewson ameniambia, "Wewe sema Wendell aliingia pale bila kibali. Mzee yule anastaafu mwakani, wewe bado una maisha." Mke wa Wendell, Lorna, juzi alinikumbatia pale wodini akanishukuru kwa kuja kumwona. Nikisema kweli hakuna kituo kitakachoniajiri tena. Nifanye nini?
Maren

Maren,

Pole, binti. Kuchekwa ukiwa mgeni kazini kunauma, nayajua hayo. Lakini hapo ndipo huruma yangu inapoishia. Wendell alikwenda kusimama karibu na ile vali kwa sababu fomu ilisema imekaguliwa, na jina lililosema hivyo ni lako. Sasa unataka na lawama azibebe yeye, kitandani, asiyeweza hata kukanusha? Eti wewe una maisha! Yeye alikuwa na nini?

Usingoje Jumatatu. Leo hii kaa uandike kila kitu: siku, saa, maneno ya Hewson, na kwamba hukuiona vali. Tafuta mwanasheria wako mwenyewe, si wa kampuni. Maandishi uyakabidhi kwa wachunguzi mkononi. Na kama kuna fomu nyingine uliyoisaini kwa mtindo huo, itaje kabla kinu hakijawashwa. Kisha nenda kwa Lorna ukamwambie mwenyewe. Usimwombe msamaha ili upate usingizi. Mwambie, halafu nyamaza.

Nilimjibu Maren kwa simu kabla ya kuchapa haya, na jana ameniandikia tena. Fomu alizosaini bila kukagua zilikuwa tatu. Kinu bado kimezimwa, Hewson amesimamishwa, naye Maren kazi hana. Wendell alifariki Alhamisi. Lorna alimsikiliza mlangoni mpaka mwisho, akauliza swali moja tu.

"Kwa hiyo kibali alikuwa nacho?"

"Alikuwa nacho."

"Hakikisha wanaandika hivyo," akasema, akafunga mlango.