Vitasa Sitini na Kimoja

4 Machi

Shikamoo Baba,

Natumaini figo zinakuacha ulale, na ile mashine ya hospitali inakusafisha damu Jumanne na Ijumaa bila visa. Mimi mzima, ila miguu imevimba kwa kukaa.

Uliniuliza kazi mpya ni ya nini hasa. Tunawachunga watu wa usalama. Wakigundua tundu kwenye programu ya kompyuta, wana njia mbili: wamwambie aliyeitengeneza alizibe, au wanyamaze walitumie kuwaingilia mahasimu. Wakinyamaza, sheria inawataka waje kujieleza mbele ya bodi yetu ya watu watano kila miezi sita. Mimi nasoma mafaili kabla ya bodi. Mengi yameandikwa "sababu ni zile zile", na bodi ilikuwa inagonga mhuri tu. Mkubwa wangu mpya, mwenyekiti wa bodi, mama mmoja mfupi tunayemwita Miwani, ameniambia nisome kama vile hakuna aliyewahi kusoma. Nampenda bure.

Mwanao

19 Machi

Marahaba mwanangu,

Nipo, sijambo. Mashine tumezoeana, siku hizi nasinzia ikiwa kazini.

Umenikumbusha kile kitasa cha shaba. Niligundua kinafunguka kwa mpini wa kijiko, na nilikuwa nimeshavifunga sitini na kimoja. Ningenyamaza, nani angejua? Ningewafungulia waliopoteza funguo na kusifiwa fundi hodari. Nilifunga karakana siku tisa nikapita mlango kwa mlango kuvibadilisha, wewe ukinibebea skrubu na kulalamika njia nzima. Basi waulize hao wakubwa: tundu lenu liko kwenye milango mingapi ya kwetu?

Baba yako, fundi

2 Mei

Shikamoo Baba,

Hali yako? Mashine inaendaje?

Niliwauliza watu wa usalama swali lako. Faili la tundu moja lilieleza vizuri limewaingiza wapi, lakini halikusema neno kuhusu watu wetu wanaotumia programu hiyo hiyo. Miwani akataka orodha yao kabla bodi haijakaa. Imeletwa, nimeisoma. Zaidi ya hapo nimeapa, siwezi kusema.

Ijumaa ulienda? Mashine haijawahi kuzimika yenyewe? Niandikie upesi.

Mwanao

11 Julai

Shikamoo Baba,

Umeandika mara mbili sikujibu. Niliogopa mkono wangu mwenyewe ungetoa siri. Sasa tundu limezibwa, tangazo limetoka magazetini, naruhusiwa.

Mstari wa kumi na nne wa orodha ile ulikuwa hospitali yako. Programu yenyewe ndiyo inayoendesha mashine za figo. Mtu mwingine angeligundua tundu, angezizima akiwa mbali. Nilimwambia Miwani kwamba baba yangu yumo, naye akanitoa chumbani siku ya kura, ndivyo inavyotakiwa. Nilisubiri kwenye korido.

Watu wa usalama waliomba miezi sita tena. Walikuwa na sababu ya kweli, kuna mtu hatari walikuwa wanamfuatilia. Nimesimuliwa kuwa Miwani aliwasikiliza hadi mwisho, kisha akasema, "Mnaomba muda wa wagonjwa ambao hamjawauliza." Kura zikawa tatu kwa mbili, tundu lizibwe.

Wiki saba nilijua, Baba, nikakuacha uende Jumanne na Ijumaa. Ningeweza kukuambia uhamie hospitali ya upande wa pili wa mji. Sikukuambia. Naumia mpaka leo.

Mwanao

24 Julai

Marahaba mwanangu,

Niko salama, usiwe na wasiwasi. Mwezi uliopita mashine zilisimamishwa asubuhi nzima, vijana wa kompyuta wakaingia na nyaya zao. Tulinung'unika kweli kweli. Kumbe ni mkono wako.

Barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili kwa hasira. Halafu nikawakumbuka wenzangu kumi na mmoja tunaokaa nao. Ungenihamisha mimi, kiti changu angekalia nani? Nimejivuna mpaka muuguzi akaniuliza nimeshinda nini. Msalimie sana Miwani.

Na kuna jambo sikukuambia. Kitasa cha sitini na kimoja kilikuwa cha mlango wetu, nikakibadilisha wewe ukiwa umelala. Nilianza na wateja. Siku nane mlilala nyuma ya kitasa kinachofunguka kwa kijiko, na mama yako, Mungu amrehemu, alikuja kujua siku ya tisa. Alininunia mwezi mzima.

Mimi nitakununia mpaka Jumapili tu. Jumapili njoo nyumbani.

Baba yako