Kifauongo cha Mama

Kaka yangu mpenzi,

Shikamoo. Je, kikohozi cha vumbi la saruji kimekuacha, au bado unakohoa kama trekta bovu? Wifi na watoto hawajambo? Sisi huku tunadunda. Mama ni mzima, ila hajui kwamba nakuandikia. Nimechagua barua kwa sababu nyumba hii ya ghorofani ni ndogo: ukinong'ona kwenye simu jikoni, aliye chumbani anakujibu.

Unajua jinsi Mama alivyonyong'onyea tulipohamia huku juu, akaiacha bustani yake. Alikuwa akishinda dirishani, ameelekea paa la gereji. Siku moja nikampa simu yangu ya zamani, nikamwonyesha ule mchezo wa kupanda mimea uwanjani ili kuwazuia mazombi wasiingie nyumbani. Nilidhani atanirudishia papo hapo. Wapi! Jioni niliporudi kutoka saluni nilimkuta anamgombeza zombi aliyemlia alizeti, akimwita mkosa adabu, anakanyaga nyasi za watu na viatu.

Haukupita muda akaanza kuulaumu mchezo wenyewe. Alisema waliouunda hawajawahi kushika jembe, mbona hawakuweka kifauongo? Unakikumbuka, kile cha miiba kando ya bomba la nje, tulichokuwa tukikigusa kikajikunja kama kimekufa. Cha kwake kingefanya hivi: zombi akikigusa kinajikunja, naye anadhani amekimaliza, anapita zake. Akishakipa mgongo, kinainuka na kumnasa miguu. Alikichora nyuma ya kalenda kwa wanja wangu wa nyusi, mistari minene kama kamba. Nikakipiga picha, nikakiweka kwenye ukurasa wa wapenzi wa mchezo ule, wale wanaobuni mimea yao wenyewe.

Kaka, watu walifurika! Mmoja akadai kifauongo kina nguvu kupita kiasi, kitaharibu utamu. Mama akaniamuru nimjibu kwamba kikishajikunja lazima kipumzike kabla ya kufunguka, kwa hiyo apunguze pupa. Kisha msichana mmoja mwanafunzi, ambaye hatumjui hata kwa sura, akaomba ruhusa ya kukifanya kijikunje kweli katika mchezo anaoutengeneza mwenyewe. Video yake ilipofika nilikimbia nayo nyumbani, kitana bado kimechomekwa kichwani, nikamkabidhi Mama simu. Aliitazama, akatabasamu, akasema kinapendeza sana kinavyojikunja.

Simu ilikuwa imeisha chaji njiani. Kioo kilikuwa cheusi tii.

Nilikaa chini. Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini alikuwa akipanda mimea kwenye mstari ambao hauna zombi, na kwa nini kila mara alisugua kioo kwa upindo wa gauni akisema ni kichafu. Nilimuuliza taratibu, tangu lini? Akasema tangu kabla hatujahama.

Daktari wa macho alituambia ni mtoto wa jicho, macho yote mawili, na upasuaji ungemsaidia. Mama akamjibu kwamba ameshalea watoto wa kutosha, na huyu naye ataishi naye tu. Daktari alicheka. Mimi sikucheka, maana nilijua anachoogopa. Baba aliingia chumba cha upasuaji akitupungia mkono, na sisi tukarudi nyumbani na viatu vyake.

Sikumlazimisha. Ila kila nilipomsimulia ile video tuligombana. Nikisema majani yanajifunga yote kwa mpigo, anasema haiwezekani, hufuatana jozi kwa jozi. Nikisema labda sikuona vizuri, anasema basi mgonjwa wa macho ni mimi. Asubuhi moja nikamkuta ameshavaa, amekaa karibu na mlango, mkoba mapajani.

"Twende kwa yule daktari," akasema, "nikaone mwenyewe walivyouharibu mmea wangu. Lakini unishike mkono mpaka watakapokukatalia."

Nilimshika. Vidole vyake vilikuwa vya baridi, na walipotutenganisha mlangoni hakupunga mkono. Alinyoosha shingo tu, akaingia.

Upasuaji umeenda salama, Kaka. Jicho la kulia linaona. Bandeji ilipoondolewa alinitazama kwa muda mrefu, akauliza kwa nini sikumwambia kwamba nimeota mvi, na mimi ni msusi! Tangu hapo yule mwanafunzi hana raha, kila siku anatumiwa masahihisho ya majani, na ameanza kumwita Bibi. Jicho la pili ni mwezi ujao.

Mama alinikataza kukwambia, akihofia utaacha kazi uje. Na kila ulipoomba simu ya video tukakujibu kwamba mtandao wa huku ni mbovu, ulikuwa uongo wake. Mtandao hauna neno. Alichelea utamwona akiongea na wewe huku macho yameelekea ukutani.

Jumapili ya mwisho wa mwezi huu atakupigia mwenyewe, kwa video, akushtukize. Nimekutangulizia habari hii ili ulie kabisa, umalize, kisha upokee simu kama mtu asiyejua lolote. Na unyoe hizo ndevu. Ameniambia kitu anachokitamani zaidi ya vyote ni kuliona tena lile kovu la kidevuni, ahakikishe ni wewe.

Wabusu watoto, na umwambie Wifi zamu yake ya kuandika imefika.

Mdogo wako,
Kitindamimba